Niliyoyapitia Nikiandika Vita Alivyopigana Mjomba

Mjomba alipigana Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, akiwa mgambo kijana, na katika miaka yote tuliyokulia karibu naye pale Ukonga hakuwahi kutusimulia pigano lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Tulichopata ni vipande. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ananyanyuka kwenda kuhakikisha viatu vyake vimekauka na viko karibu na mlango. Tukilalamika kwamba mboga haina chumvi, anasema Uganda alipita nyumba ambazo chumvi ilikuwa haijaonekana muda mrefu, kisha ananyamaza. Ukimwuliza "ikawaje, mjomba?" anakuambia ule, chakula kinapoa.

Kisukari kilipoanza kumpunguzia nuru ya macho, mama aliniita. "Wewe ndiye uliyesoma fasihi, unafundisha watoto wa watu. Yaandike aliyonayo kaka yangu kabla hajaondoka nayo." Nilikubali siku hiyo hiyo. Kazi ile ilikula muda na fedha, ilimnyima mzee usingizi, ikaninyima na mimi, na nusura ivunje udugu. Lakini ilimalizika. Naandika haya kwa ajili yako wewe mwenye babu, baba au shangazi aliyepitia vita, unayewaza kuanza na hujui pa kushika.

Kabla sijamwekea mzee simu ya kurekodi nilisoma kwanza, na huo ndio ushauri wangu wa awali. Jumamosi nilikuwa nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, nakaa na vitabu vya vita, vyetu na vya wenzetu. Swali langu lilikuwa moja: mwandishi huyu anafanya nini hata mimi, ambaye sijawahi kusimama mbele ya mtutu, nipate hofu ya mtu aliyesimama?

Nilianza na tenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, yaani pwani yetu, vile vya akina Abushiri vya 1888 na 1889. Utenzi hutungwa ili ughaniwe mbele ya watu, na ile mizani nane nane, yaani silabi nane kila kipande, inakubeba ubeti hadi ubeti. Nilipousoma kwa sauti damu ilinichemka. Lakini damu kuchemka na kuogopa ni mambo mawili. Utenzi unamtunzia marehemu heshima yake, na hiyo ni kazi kubwa ambayo siidharau hata kidogo, ila mwendo wake haukuachi usimame mbele ya maiti mmoja ukamtazama.

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, ilinifundisha jambo jingine. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Mwandishi angeweza kujaza jukwaa maiti. Badala yake anatuweka pamoja na watu wanaobishana, wanaotumaini, wanaoyasadiki maji ya dawa, huku sisi watazamaji tukijua tayari kwamba risasi haitageuka maji. Kitisho kinatoka kwetu, kwa sababu tunajua na wao hawajui. Nilifunga kitabu nikakaa muda bila kufungua kingine.

Kwa waandishi wa Vita Kuu ya Kwanza niliwatafuta waliokuwapo. Erich Maria Remarque, Mjerumani aliyejeruhiwa mwaka 1917, aliandika katika riwaya yake ya 1929 juu ya buti za askari anayekufa hospitalini. Rafiki yake anazitamani buti zile mwenyewe akiwa bado anapumua. Rafiki naye anakufa, buti zinahamia kwa mwingine. Hakuna chuki hapo wala ukatili. Ni kwamba buti nzuri ni nzuri na mwenyewe hatazihitaji tena. Ukurasa ule ulinitisha kuliko mabomu yote ya kitabu kile. Wilfred Owen, Mwingereza aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama, anamwonyesha mwenzake aliyechelewa kuvaa kinyago cha gesi, kisha anamgeukia msomaji na kumwambia: ungeyaona haya, usingewadanganya watoto kwamba kufa vitani ni kutamu. Na Svetlana Alexievich, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2015, alikwenda kwa wanawake waliopigana katika jeshi la Kisovyeti wakati wa Vita Kuu ya Pili, na walichomweleza ni nywele zilizokatwa, nguo za kiume walizovalishwa, damu ya mwezi njiani bila kitambaa.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa mjomba nilikuwa na jambo moja kichwani ambalo sikuliacha mpaka mwisho: vita vinamwingia msomaji kupitia mwili na kitu kidogo kinachoshikika. Maneno makubwa, mashujaa, mapambano makali, damu kumwagika, yanamkinga. Akiyasoma anatikisa kichwa kwa heshima na kupita.

Ukipita Posta, pale Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba, ipo ile sanamu ya Askari, ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyosimamishwa 1927. Watu tunapigia picha bunduki na singe. Maandishi ya chini ndiyo yanayowataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, nao makumi ya maelfu yao walikufa kwa uchovu, njaa na maradhi. Siku moja nilisimama pale nikayasoma yote taratibu, na ndipo nilipopata swali la kumfungulia mzee. Sikumwuliza alipigana wapi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwuliza alikuwa amebeba nini.

Alizungumza asubuhi nzima. Bunduki, risasi, blanketi, sufuria ya watu kadhaa waliyoibeba kwa zamu, sanduku la risasi la mwenzake aliyeugua tumbo. Sehemu kubwa ya njia waliitembea kwa miguu, tangu kuvuka Mto Kagera hadi ndani ya Uganda, na masika yalipoanza tope lilikuwa linazivua buti mguuni. Alininyooshea mguu wake akanionyesha kidole kisicho na kucha. Sijawahi kujua habari ya kidole kile maisha yangu yote.

Anza na mzigo, au chakula, au viatu. Usianze na mapigano, na usimwulize mtu kama aliua. Hilo la pili nilishauriwa na mwalimu mwenzangu ambaye baba yake alikuwa askari, na lilinisaidia sana. Mjomba alikuja kulisema mwenyewe, kwa sentensi moja, siku ambayo sikuwa nimeuliza lolote, kisha akasema: "Hilo lisiwemo." Halimo.

Habari za pigano la Lukaya, Uganda, tulizifikia baadaye. Kwa ambao hawakusoma historia hii: majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, wananchi wakauawa na wengine wakatekwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Jeshi likapanuliwa kwa mgambo wengi, mjomba akiwa mmojawao. Masaka ikaanguka Februari 1979, na Machi 10 kikosi cha kwao kilikuwa Lukaya, mahali ambapo barabara ya kwenda Kampala imekatiza katika kinamasi. Hapo walikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin.

"Huku maji, huku maji," alisema mjomba. "Mafunjo marefu kuliko mtu. Ukitoka barabarani unazama. Jioni tukasikia kitu. Haikuwa bunduki. Ni kama mtu anachana kitenge juu ya vichwa vyetu, na kitenge chenyewe hakiishi. Tulikuwa hatujawahi kukisikia. Ardhi ikatikisika nyuma yetu. Nani alijua yamepita? Watu wakakimbia. Nami nikakimbia."

Akanyamaza. Kisha akasema tena, polepole, kama vile nilikuwa sijasikia: "Nilikimbia, mwanangu."

Hicho ndicho alichokuwa amekificha zaidi ya miaka arobaini. Alidhani ni yeye na wenzake wachache tu. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alikuwa anaizima redio mapema, na sisi tukidhani ni huzuni ya marafiki waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita vile.

Nilirudi maktaba. Historia za vita vile zinaeleza wazi: kikosi kilichokuwa mbele Lukaya kilikuwa na mgambo wengi wasiowahi kukutana na maroketi, makombora mengi yaliruka juu yao bila kuwapiga, lakini kishindo kiliwatawanya, usiku ule kikosi kingine kikazungushwa kwa njia ya mbali, na alfajiri ya Machi 11 mashambulizi yakafanywa kutoka pande mbili, Walibya na watu wa Amin wakavunjwa. Nilimsomea. Aliniambia nisome tena. Mara ya pili alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Kumbe imeandikwa," akasema. "Kumbe wanajua."

Nakusihi sana hapo: mtafutie mzee wako maandishi ya vita vyake. Mara nyingi amebeba peke yake kitu kilichowakuta maelfu.

Usiku wa kwenye mafunjo alinisimulia siku nyingine, na hiyo ndiyo sehemu ya kitabu ambayo sikuigusa kabisa. Alikuwa na kijana wa Kisarawe. Walikaa majini hadi kifuani, hawasemi, kwa sababu hawakujua aliye upande wa pili wa majani ni nani. Yule kijana alikuwa amemshika shati kwa nyuma. Mjomba alikuwa anasikia pumzi zake. Alisema juu ya pumzi zile kwa muda mrefu: zilikuwa za haraka, kisha za kawaida, kisha akawa hajui kama anasikia za mwenzake au zake. "Kulipokucha nilikuwa peke yangu," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Sikumwuliza zaidi. Niliandika kama alivyosema na kusimama pale aliposimama.

Nilielewa vizuri ule mchano wa kitenge kwa sababu ya usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi Gongo la Mboto. Sisi wa Ukonga tulitoka na nguo tulizokuwa nazo. Barabara ya kuelekea mjini ilijaa watu wanaokimbia, watoto wakapoteana na wazazi wao, na maelfu walilala Uwanja wa Uhuru. Mjomba hakukimbia. Alilala kifudifudi pembeni ya ukuta, akatuamuru tulale na tufungue midomo ili masikio yasiharibike, akawa anatuambia lipi liko mbali na lipi liko karibu. Wakati ule nilimwona jasiri. Baada ya Lukaya nilijua kwamba alikuwa anafanya kile ambacho alitamani mtu angemfanyia yeye. Nilipokuwa naandika sura ile niliutumia usiku wa Gongo la Mboto kama kipimo: ladha ya vumbi mdomoni, magoti yanayokataa amri, kandambili moja mguuni. Sisemi nilichopitia kinalingana na vita. Lakini kila mtu aliyewahi kuogopa kwelikweli ana kitu cha kuanzia, na mwili unakumbuka sahihi kuliko kichwa.

Sasa gharama. Baada ya mazungumzo ya Lukaya mkaza mjomba alinipigia kabla ya alfajiri. "Mwanangu, mjomba wako yuko uani amekaa tangu saa nane. Wewe unachimba halafu unapanda daladala unakwenda kwako. Mimi ndiye ninayelala na unachokichimba." Binamu zangu nao walikuja juu, wakasema namuua baba yao kwa sababu ya kitabu. Tuliitana, tukakaa kikao na mama akiwa katikati, na maneno yaliyosemwa siku ile mengine bado yana makovu. Kazi ilisimama kwa muda mrefu. Tuliporudi ilikuwa kwa masharti ambayo naona yangefaa kuwekwa tangu mwanzo na yeyote anayeanza. Tunazungumza asubuhi tu, baada ya chai na dawa, kamwe si jioni. Mtu wa nyumbani yupo. Mzee akisema "zima", simu inazimwa na hakuna anayeuliza sababu. Na hatuachani kwenye kifo. Kabla sijaondoka tunazungumza habari ya kuku wake, au mpira, mpaka nimwone amerudi.

Kunakili sauti kulinielemea kuliko nilivyofikiri. Saa moja ya kurekodi inaweza kukuchukua siku nzima ya kuandika, hasa mzee akiwa anazungumza chini chini. Nilimlipa binti mmoja wa chuo anisaidie, na baada ya kaseti kadhaa (tunaziita kaseti bado, ingawa ziko kwenye simu) aliniomba radhi akasema anaota. Nilimlipa fedha zake zote na kumwachisha. Mimi mwenyewe nilifikia mahali nasikia pumzi nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilikwenda kwa mshauri nasaha, na ninamshauri kila mwandishi wa mambo haya afanye hivyo mapema, bila kuona haya. Anayesikiliza naye anabeba.

Kwa kufuata mfano wa Alexievich nilimgeukia mkaza mjomba pia. Mwanzoni alikataa, akasema yeye hakwenda vitani. Kisha akanieleza: wakati ule alikuwa mchumba tu, anasikiliza Redio Tanzania kila jioni akitafuta jina la mji ambao barua ya mwisho ilitoka. Kampala ilipochukuliwa Aprili 11, 1979, watu mitaani walishangilia, na yeye alishindwa kwa sababu redio haikusema nani yuko hai. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda, sukari na sabuni zikawa za foleni, na katika hali hiyo mwanamume akarudi. Walioana. Kwa muda mrefu alilala sakafuni, kitanda kikiwa kitupu pembeni. "Nikawa nashuka nalala naye chini," alisema. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hilo, akafikiri siku kadhaa kabla ya kukubali. Kwangu mimi sentensi ile inaeleza vita sawa na Lukaya yote.

Mchapishaji mmoja wa hapa mjini aliusoma mswada akaupenda, ila akataka mambo mawili. Kwanza, tueleze kijana wa Kisarawe alikufaje. Pili, tuondoe sura ya lori. Katika sura hiyo rafiki wa karibu wa mjomba anakufa lori likipinduka kwenye tope, mbali na adui. "Hiyo ni ajali," aliniambia, "wasomaji wanataka vita." Nilimpelekea mzee maneno hayo. Hesabu rasmi inayotajwa ni kwamba askari wetu 373 walikufa katika vita vile, na 96 tu kati yao ndio waliouawa kwenye mapigano. Mjomba hakuhitaji hesabu hiyo. Alisema: "Alitoka kwao kuja vitani, hakurudi. Kama hivyo si vita, mama yake tumwambie alikwenda wapi?" Mswada tuliurudisha nyumbani. Tukachangishana katika ukoo, tukachapa nakala chache kwenye duka la uchapaji Kariakoo. Karatasi na jalada vilipanda bei katikati ya kazi, basi weka akiba juu ya bei unayotajiwa.

Majina yalitusumbua. Uamuzi wetu ulikuwa kwamba marehemu hatajwi mpaka familia yake iridhie. Familia mbili tulizipata, moja Chanika na nyingine Kibaha, na kote tulipokelewa kwa machozi na chakula. Familia moja iliomba jina liondolewe, tukaliondoa. Wa Kisarawe hatukuwapata, ndiyo maana ndani ya kitabu hana jina. Ukiandika, fanya kazi hiyo kabla ya kuchapa, hata kama inakuchelewesha mwaka.

Nakala moja ilimfikia mzee wa Temeke aliyekuwa kombania moja na mjomba. Alikuja Ukonga na mjukuu wake, wakakaa barazani wakabishana mchana kutwa. Yeye anasema jioni ile Lukaya mvua ilikuwa inanyesha. Mjomba anasema mbingu zilikuwa kavu na nyota aliziona. Kila mmoja ana uhakika wake. Sikumchagua mkweli. Kumbukumbu za yule mzee nimeanza kuzirekodi, asubuhi, baada ya chai, binti yake akiwepo, na toleo jingine litakuwa na mvua na nyota katika usiku ule ule, kila moja chini ya jina la aliyeiona.